Nishikie Taa

Lucius Purnell, aliyeng'oa meno ya nusu ya watu wa mji wetu wa Gary kabla hajastaafu, aligonga kikombe kwa kijiko akasema wimbo ni mmoja tu. Si wawili, wala si huu pamoja na ule. Maktaba inatengeneza ukuta wa nyimbo, kila kizazi kimepewa kitufe chake, na mtoto wa kesho akija akabonyeza, asikie wimbo wa watu wa wakati huo. Wazazi wetu, waliopanda treni kutoka Mississippi na masanduku yaliyofungwa kamba, walikuwa wamekwisha kupata wao, wimbo wa kanisani, na hakuna aliyefungua mdomo kubisha. Sisi watoto wao, tuliokulia chini ya moshi wa tanuri za chuma, ndio tulioshindwa kuelewana. Mkutano wa kamati uliotakiwa uishe kabla ya chakula ulikuwa umefika kwenye keki.

"Hata kugawana mali ya marehemu kuna amani kuliko hapa," akasema Lucius.

"Sema unataka wimbo wako ushinde, Daktari, usituzungushe," akamjibu Odessa Crump, na watu wakacheka.

Mozelle Gaines hakucheka. Alikuwa ameketi mwisho wa meza, mkoba mapajani, kofia hajavua, kama mtu aliyekuja kliniki. Kwa kawaida Mozelle ni mtu wa kucheka, tena wa kushukuru. Amepika katika jiko la shule mpaka miguu ikavimba, na kila mchana alipozima majiko aliyaambia asante. Huishukuru mvua, humshukuru mtu wa posta. Marehemu mumewe, Cleophus, alikuwa akimtania kwamba hata bili ya umeme ikifika ataiandalia chai. Lakini siku hiyo alikuja na nia moja, nayo haikuwa ya shukrani. Alikuja kuhakikisha kuna wimbo mmoja hautachaguliwa, basi.

Lucius alitaka ule wa maandamano, wa kunyanyua ngumi. Mozelle alikuwa ameleta wake, ule wa tarumbeta, ambao Cleophus aliupenda kuliko nyimbo zote na ambao ukiusikia unajiweka sawa kwenye kiti bila kuambiwa. Zikajadiliwa hizo mbili, zikapigwa dua na zikapigwa vijembe. Kisha Odessa akasukuma sahani yake pembeni.

"Jamani, tusidanganyane. Sote tunaujua wimbo wetu. Ni Nishikie Taa."

Macho yote yakamgeukia Mozelle. Mozelle akafunga mkoba wake, ingawa ulikuwa umefungwa tayari.

"Dada Crump," alisema polepole, "ule si wimbo. Ni santuri mbovu."

"Ndiyo, Dada Gaines. Ni mbovu na ni yetu."

Ukiwasikia wakiitana Dada Crump na Dada Gaines, utadhani walijuana juzi kwenye kwaya. Thubutu! Hawa waliitana Mo na Dess tangu wakiwa wasichana wa kugawa viatu kwenye kaunta ya Larkin, ukumbi wetu wa kuteleza kwa magurudumu. Walijua namba ya mguu ya kila kijana wa mjini, na walijua pia nani ananuka soksi. Kila Jumamosi tulikuwa pale, tunazunguka na kuzunguka, wengine kinyumenyume kwa madoido, na juu, kwenye kibanda chake cha vioo, Cleophus Gaines akitupigia santuri. Mchana alikuwa mtu wa tanuri, anatoka kiwandani nyusi zimeungua. Jioni ya Jumamosi alivaa shati lililopigwa pasi likasimama lenyewe, na hapo ulikuwa humwambii kitu.

Sasa hiyo santuri. Waliimba vijana wanne wa Chicago ambao baada ya hapo hatukuwasikia tena, na Mungu awarehemu popote walipo. Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa Mpaka Alfajiri. Cleophus aliinunua kwa hamu, akatutangazia wiki nzima, na siku ya kuileta, mwezi wa kwanza, alipotoka garini nyuma ya Larkin akakanyaga barafu. Miguu kule, santuri huku. Ikaserereka juu ya kokoto zilizoganda hadi ukutani. Mtu mwingine angeitupa, lakini alikuwa ameahidi, na Cleophus akiahidi ameahidi. Akaifuta kwa shati lake, akaiweka.

Waimbaji walikuwa wanaimba kwamba nishikie koti langu nicheze nawe, mpaka alfajiri ije, mpaka taa izimike. Sisi hatukuyasikia hayo. Sindano ilipofika kwenye "nishikie" ilikuta mkwaruzo, ikaruka koti, ikaruka alfajiri, ikaangukia mwishoni mwa kiitikio. Tukasikia: "Nishikie... taa izimike!" Ukumbi mzima ulishtuka. Msichana mmoja aliyekuwa katikati ya hatua aliruka ili asianguke, wa nyuma yake akaruka ili asimgonge, na kiitikio kiliporudi, mahali palepale, tukaruka wote makusudi. Sakafu ikalia kama gogo linaloanguka. Tukapiga kelele tukataka tena. Mzee Larkin, mwenye ukumbi, alimwambia Cleophus Jumamosi ijayo alete nyingine nzima, na Cleophus akasema haiwezekani tena, kwa sababu watoto wamekwisha kujifunza kuruka.

Basi ikawa yetu. Na maneno yale yasiyo na kichwa wala miguu yakatoka ukumbini yakaingia mjini. Ukitaka kuondoka mahali, unasema, "Nishikie taa!" Anayebaki anajibu, "Izimike!" Maana yake? Usiniulize. Maana yake ni kwamba unaondoka na kuna mtu amekuona ukiondoka. Vijana waliochukuliwa jeshini walisemezana hivyo kwenye kituo cha basi. Waliopunguzwa kiwandani wakahamia Houston walisema hivyo wakipakia magodoro. Hata mtu akienda msalani kwenye karamu alisema. Na sharti lilikuwa moja, hakuna aliyelitunga ila kila mtu alilishika: ukiaga hivyo hutoki mpaka ujibiwe. Ukinyimwa jibu unaganda mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na watu walikuwa wakiwanyima wenzao makusudi ili wacheke.

Mozelle aliyapenda maneno hayo kuliko mtu yeyote. Aliolewa nayo. Siku ya harusi yake, akitoka kwa baba yake, aliyasema mlangoni, na baba yake, mtu mkali asiyejua hata kucheza, alimjibu huku machozi yanamtoka. Kilichomfanya ayachukie ni jambo moja tu, ambalo hakumwambia mtu. Hakumwambia hata Yolonda, binti yake.

Cleophus aliugua mapafu. Alilazwa mwezi wa tatu, miaka mitatu iliyopita, na madaktari wakasema anaendelea vizuri, wiki ijayo atarudi nyumbani. Asubuhi hiyo Mozelle alikuwa akimkunja blanketi miguuni, anamhadithia ya majirani. Cleophus akamtazama, akatabasamu, akasema, "Nishikie taa, Mo."

"Acha masihara," Mozelle akamwambia. "Huendi popote wewe."

Cleophus alibaki akimtazama na lile tabasamu, anangoja. Mozelle aliona kwamba anangoja. Hakutaka kulisema neno lile, kwa sababu kulisema kulikuwa kama kukubali. Akasema anakwenda kumletea vipande vya barafu vya kumung'unya, akatoka na kikombe. Aliporudi na barafu yake, Cleophus hakuwepo tena.

Kwa hiyo alikwenda bila kujibiwa, na aliyemnyima jibu ni yeye. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa Mozelle kooni miaka yote mitatu, na usiku mwingine aliamka akaona kama mtu amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Kisha ikaja siku ya maziko. Kanisa lilijaa mpaka ngazini. Wasemaji walipewa dakika mbili mbili, na wengi, kama kawaida yetu, wakazila za wenzao. Ilipofika zamu ya Odessa, hakufungua karatasi. Alikwenda hadi kwenye jeneza, akainua mkono, akapaza sauti kama yupo Larkin: "Nishikie taa!" Kicheko kikalipuka kanisa zima. Mozelle aliyekuwa kiti cha mbele alihisi kama amepigwa kofi mbele za watu. Alidhani Odessa anamgeuza mumewe kichekesho, na neno lenyewe, kati ya maneno yote ya duniani, likawa lile. Alinyanyuka akatoka mlango wa pembeni, Yolonda akamkimbilia, wakakaa kwenye gari jeusi mpaka jeneza likatoka. Tangu siku hiyo Odessa akawa Dada Crump.

Sasa kamati ilikuwa inamtaka akubali neno hilo liwekwe ukutani, na kitufe, ili kila mtoto mwenye kidole alibonyeze.

"Nitasema kupinga," akamwambia Lucius. "Jumamosi, mbele ya watu wote. Niandike."

"Nimekuandika, Dada Gaines," akajibu Lucius, na kwa sauti ya chini akaongeza, "Na mimi siutaki ule, usijali."

Jumamosi ilikuwa siku ya mkutano wetu wa kila kiangazi, katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi wa chuma. Walikuja waliobaki na waliohama, fulana za njano, migongo imepinda, wengine na fimbo, wengine na nyonga mpya za hospitali wakizisifia kama magari. Kambare walikuwa wanakaangwa nje, mboga zimechemshwa na mguu wa nguruwe, tambi za jibini zimefanya ukoko mzuri juu. Kwenye pembe ya ukumbi wazee walikuwa wanapigiza karata mezani na kutukanana kwa mapenzi. Mozelle aliwasalimia wote, akashukuru kila aliyempa kiti, lakini hakula. Hotuba yake ilikuwa kichwani na alikuwa anairudiarudia.

Muziki ulikuwa mikononi mwa Shaunice, mpwa wa Odessa, dijei mzuri kabisa, ana masanduku yanayong'aa na kompyuta, na nyimbo zote za dunia anazo humo ndani. Utaratibu ulikuwa kwamba kila wimbo upigwe, watu wausikie, kisha atakayeutetea aseme na atakayeupinga aseme, halafu watu wasimame kuchagua.

Ulianza wa Lucius. Watu walisimama kwa heshima, ngumi zikapanda, nyingine zikaishia mabegani kwa sababu ya baridi yabisi. Ulikuwa wimbo mkubwa na tuliupigia makofi. Ukafuata wa tarumbeta, wa Mozelle. Watu walitulia wakafumba macho, na Mozelle akaona fahari, hadi alipogundua kwamba Alvin Stokes pale mbele amelala na mdomo wazi. Makofi yalipigwa, na yalikuwa ya adabu. Mozelle aliyajua makofi ya adabu, alikuwa akiyasikia kwenye mahafali ya shule.

"Sasa wa Dada Crump," Lucius akasema kwenye maiki, kwa sauti ya mtu anayetangaza ugonjwa.

Shaunice akabonyeza. Jamani! Ngoma zile za mwanzo hazijamaliza hata kuingia, karata zilitupwa, viti vikasukumwa, watu wakajipanga duara bila kuambiwa. Hawakuwa na magurudumu wala magoti, lakini walikwenda, mabega yakiyumba vilevile, wengine wameshikilia migongo ya viti. Alvin alikuwa macho, yuko mstari wa mbele. Wakaanza kuimba na sauti zikapanda, "Nishikie..." Wakaruka wote pamoja, wakaangukia "taa izimike!" kwa nguvu zao zote.

Ila wimbo haukuruka. Kompyuta ya Shaunice ilikuwa na wimbo mzima, safi, hauna hata doa. Vijana wa Chicago waliendelea kuimba habari za koti, wakacheza nalo, wakaingia alfajiri, na watu wetu wote walikuwa wamekwisha kutua upande wa pili wa mstari. Waliojaribu kurudi nyuma waligongana na waliokwenda mbele. Sahani ya tambi ilianguka. Lucius Purnell, mpinzani mkuu, ambaye naye alikuwa ameruka, tena juu kuliko wengine, alijikuta amemkumbatia mke wa Alvin.

"Wee Shaunice!" Odessa akapiga kelele. "Umetuwekea nini hicho?"

"Ndio wenyewe, Shangazi!"

"Si wenyewe! Huyo anayeimba koti ni nani? Koti limetoka wapi?"

"Lipo, Shangazi. Lilikuwepo siku zote."

"Ebo! Hatukuletewa!" Alvin akasema, na ukumbi ukavunjika mbavu.

Lakini kicheko kilipungua haraka, kwa sababu wimbo ulikuwa bado unaendelea na watu wakaanza kuusikiliza. Lile lipande la katikati hatukuwahi kulisikia maishani mwetu, na lilikuwa zuri, lazima niseme kweli. Hata hivyo tulisimama pale kama wageni kwenye nyumba yetu wenyewe. Mama mmoja akasema, "Zima, mwanangu, zima tu," naye Shaunice akazima.

Mozelle alikuwa bado kwenye kiti chake. Aliwaona watu wote wale, wenye wajukuu, wakiruka palepale penye mkwaruzo wa siku mume wake alipokanyaga barafu. Alitaka kuwakasirikia, hasira haikuja. Lakini alikuwa ameandikwa, na Lucius, akinyoosha tai yake, alikuwa anamnyooshea maiki.

"Mume wangu alijua muziki," Mozelle akaanza. "Alisafiri mpaka Detroit kwa basi kufuata santuri moja. Aliwaletea nyimbo ambazo redio ziliogopa kuzipiga. Akitoka tanurini, mgongo unamwuma, anafuta santuri zake moja moja kwa kitambaa laini kwa ajili yenu. Leo mnataka kumkumbuka kwa ile iliyomponyoka! Mnataka mtoto abonyeze kitufe amcheke?"

Odessa alikuwa ameinamisha kichwa. Aliyesogea ni Lucius, na hakuchukua maiki, alisema pale pale alipokuwa.

"Dada Gaines, mimi niko upande wako, unajua. Lakini ngoja niseme kitu. Siku naondoka kwenda Nashville kusoma, baba yangu alikuwa hasemi na mimi. Alitaka niingie kiwandani. Nilitoka na sanduku langu, nikamwambia pale barazani, nishikie taa. Akageuza uso. Nilisimama, sikujua niende au nirudi. Ndipo Cleo akapita na gari lake bovu, anakwenda zamu. Sijui alijuaje. Akafunga breki katikati ya barabara, akateremsha kioo, akapaza sauti, 'Izimike, Lucius!' Nikaenda." Daktari akavua miwani yake. "Sikumwambia asante hata siku moja. Ninasema leo. Na ninaondoa wimbo wangu."

Hapo ndipo Mozelle alipovunjika. Hotuba yote iliyobaki ilimpotea, na kilichotoka mdomoni ni kile ambacho hakikuwa kimepangwa kutoka.

"Na mimi sikumjibu," akasema.

"Nini, mpenzi?" mtu akauliza kwa upole.

"Cleo. Aliniambia hospitali, asubuhi ile. Nishikie taa, Mo. Nikamwambia aache masihara. Alikuwa anangoja nimjibu, nilimwona anangoja, nikaenda kutafuta barafu. Alimjibu Lucius, aliwajibu ninyi nyote, aliwajibu watoto wa watu kwenye vituo vya basi. Mimi nilimwacha mume wangu amesimama mlangoni. Sasa mnataka niusikie wimbo huo kila nikienda maktaba?"

Nje mafuta yalisikika yakichacharika kwenye kikaango. Odessa alikuja kutoka upande wa pili wa ukumbi, taratibu kwa sababu ya goti lake, akasimama mbele yake.

"Mo," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu.

"Mo, siku ile kanisani ulitoka."

"Mlicheka, Dess. Ulinyanyua mkono juu ya jeneza la mume wangu watu wakacheka."

"Tulicheka, ndiyo. Nani angejizuia? Ni Cleo yule. Nilikuwa namsemea, shoga yangu. Anaondoka, mdomo hana, nikasema lazima mtu aage kwa niaba yake. Watu wakacheka, wewe ukatoka. Sasa nisikilize, maana umenikatalia miaka yote hii nisikwambie. Baada ya kucheka tulijibu."

Mozelle alimtazama.

"Mlimjibu nani?"

"Tulimjibu Cleo! Tungemwacha aende hivihivi? Kanisa zima, Mo. Mchungaji mwenyewe yuko madhabahuni, Biblia mkononi. Kwaya. Walioko ngazini nje."

"Mimi nilijibu," akasema Lucius.

"Hata mimi," akasema Alvin Stokes, na hakuwa anatania. "Nilikuwa nimebeba upande wa kushoto wa jeneza. Nilijibu."

"Na mimi nilijibu, Bi Mozelle," ikasema sauti ya nyuma, na nyingine karibu na jikoni, na nyingine, na wale wa karata. Walikuwa wanasema mmoja mmoja bila papara, kama watu wanaosimama kutoa ushahidi. Shaunice akasema yeye alikuwa hajui hata maana yake wakati huo, ila aliona watu wazima wote wanajibu naye akajibu.

Mozelle alikuwa ameshika mkono wa Odessa na hakumbuki aliushika lini.

"Kwa sauti?" akauliza, kama mtoto.

"Kwa sauti, unasema? Mama mchungaji aliziba masikio! Ungefungua kioo cha lile gari ungesikia."

"Yolonda alikuwa amefunga vioo. Kulikuwa na baridi."

"Ndio hivyo tena."

Mozelle alianza kulia, na katikati ya kulia akacheka, kisha akalia tena, na Odessa akamkumbatia, wakawa wanayumba pale mbele ya watu. Miaka mitatu alimkasirikia rafiki yake kwa jambo lile lile alilokuwa akiliomba kwa Mungu kila usiku. Alijiona mjinga na akajiona tajiri, vyote kwa pamoja. Alimwomba Odessa radhi, na Odessa akamwambia nyamaza, wanja wangu wa Jumamosi unaharibika.

Lucius aliacha wakatulia, kisha akakohoa, kwa sababu kamati ni kamati. Akauliza kama aliyejiandikisha kupinga bado anapinga.

"Sipingi," akasema Mozelle. "Lakini si huo wa kompyuta. Santuri yenyewe ninayo nyumbani, kabatini, imefungwa kwenye shati lake. Waambie wa maktaba wasiisafishe. Wasiguse kitu."

"Na chini tuandike nini? Wanataka jina la aliyeupiga."

"Waandike vijana wa Chicago, ni haki yao. Halafu waandike: kama ulivyopigwa kwa Larkin na Cleophus Gaines."

Watu walisimama wote, hata ambao kusimama ni kazi, na hiyo ndiyo ilikuwa kura. Mozelle alitaka kuwaambia neno kubwa, la kufaa siku kama ile, lakini halikuja. Akafuta uso kwa kiganja, akawatazama wale wazee wenye fulana za njano mmoja baada ya mwingine, na akasema lililokuwepo.

"Asanteni kwa kumjibu mume wangu. Asanteni sana. Mimi sikuweza, mkamjibu ninyi."

Kisha akasema sasa ana njaa, na Odessa akaenda kumpakulia.